Meseji Uliyonitumia Ukiwa Mlangoni

Limi mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga kwa Mama Neema, na mimi nimesema nabaki kupika. Chakula kimeshaiva. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, daftari liko magotini, naandika haraka kabla hamjarudi. Nakujua, ukinikuta utasimama nyuma yangu usome mstari mmoja mmoja kabla sijamaliza.

Ningeweza kukuandikia kwenye simu kama kila siku. Lakini kwenye simu nimezoea kufuta. Naandika mambo marefu, nayasoma, naona aibu, nafuta yote, halafu nakutumia "Sawa mwanangu." Mara ngapi umeona simu inakuambia mama anaandika, mama anaandika, ukasubiri weee, ikaja "sawa"? Leo nimechukua kalamu.

Habari za kufua, kula na kulala mapema sitaziandika. Hayo unayajua kuliko mimi, na wewe ndiye unayenikumbusha dawa zangu za presha. Nataka nikuandikie kuhusu Masalu, na kuhusu yale ambayo mimi na baba yako tulikufanyia bila kujua. Mengi unayajua. Ila umeyapata kwa vipande, leo meseji moja, mwezi ujao nyingine, na kila nilipofika pagumu nilikwepa. Kesho unaondoka kwenda kusoma Morogoro. Uyapate mazima.

Uliugua homa ya uti wa mgongo ukiwa hujafikisha miaka miwili. Ulikuwa umeshaanza kusema. Ulisema "mama", ulisema "maji", na kuku wote uliwaita "kokoi", neno ulilotunga mwenyewe. Ulipona, tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Siku moja sufuria ikaniponyoka mkononi nyuma yako, ikapiga kelele kwenye sakafu mpaka Mama Neema akachungulia dirishani. Wewe ukaendelea kuchezea mchanga. Nikaiokota ile sufuria, nikaidondosha tena makusudi. Ukaendelea kuchezea mchanga.

Tulikokwenda na wewe baada ya hapo, kwa waombaji na kwa waganga kule Magu, sitakusimulia. Chale za mgongoni unazo, uliniuliza, nikakujibu. Nikuambie tu kwamba miaka ile yote tulikuwa tunatafuta masikio yako, na hakuna aliyetafuta namna ya kuongea na wewe. Tulikuwa na ishara chache za hapa nyumbani: kula, njoo, acha, lala, utachapwa. Zote amri. Hata ng'ombe wa babu yako waliambiwa zaidi ya hayo, maana babu alikuwa akiwaimbia.

Akazaliwa Masalu, na yeye ndiye aliyeongea na wewe. Sijui mlianzaje. Alikuwa na mashavu makubwa, wewe ukampa jina: unajaza upepo mashavuni, unayagonga kwa vidole viwili. Ndilo lilikuwa jina lake kwako. Yeye akikutaka alikuwa anapiga mguu chini, unahisi mtikisiko, unageuka. Kabla hajaweza kuniomba uji kwa mdomo, alikuwa ameshakusimulia wewe habari nzima kwa mikono. Nilikuwa nawakuta nyuma ya nyumba mmejiinamia kwa kicheko, nauliza, "Mnacheka nini?" Masalu ananiangalia tu, kama mtu aliyeulizwa na mgeni asiyejua lugha ya pale.

Alipokuwa na miaka minne akashikwa na malaria. Jana yake alikuwa anacheza, asubuhi akawa amelegea kama nguo. Baba yako akaita bodaboda. Nikamfunga Masalu kwenye kitenge cha njano, baba yako akapanda naye, mimi nikapanda pikipiki nyingine nyuma yao. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nilimpungia Mama Neema akuangalie. Wewe sikukuambia kitu. Ningekuambia kwa ishara gani? Kwa hiyo ulichokiona ni hicho tu: mdogo wako amefungwa kitenge, amepandishwa pikipiki, pikipiki imekata kona ya barabara ya Musoma, imepotea.

Alifariki kesho yake mchana. Madaktari walijitahidi, sina lawama na mtu.

Shangazi yako alikuja kutoka Magu na basi la kwanza. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, na wewe ulikuwa unapita katikati ya miguu ya watu unamtazama kila mtu usoni. Shangazi akasema, "Wifi, huyu mtoto nani atamweleza? Atasumbuka bure na atawasumbua. Ngoja nimpeleke kwangu mpaka mambo yatulie."

Nikasema, "Mchukue."

Sikufikiri hata kidogo. Kichwa kizima kilikuwa Masalu. Tukamzika hapa hapa Igoma, wewe ukiwa kwenye mashamba ya mpunga ya shangazi.

Uliporudi, nguo zake tulikuwa tumeshazigawa. Ukachungulia chini ya kitanda. Ukaenda nyuma ya tangi la maji. Ukaingia kwa Mama Neema bila kubisha hodi, ukatoka. Halafu ukaja kwangu, ukajaza mashavu, ukayagonga, ukafungua viganja. Yuko wapi?

Nikageuza uso. Ukazunguka ukanifuata mbele, ukauliza tena. Nikageuka tena. Wewe husomi sauti, mwanangu, unasoma uso, na mimi nikikunyima uso nimekunyima kila kitu. Leo nalijua hilo. Siku ile nilikuwa nakuficha machozi. Siku ya tatu ulipouliza, nilikushika mikono nikaishusha kwa nguvu, nikakufanyia ile ishara ya acha.

Ukaacha. Nikamwambia baba yako, "Ameshasahau." Watu walikuwa wameniambia watoto husahau upesi, na mimi nilihitaji iwe kweli.

Ndipo ikaanza habari ya pikipiki. Kila bodaboda iliyosimama mtaani kwetu, unatoka mbio. Ukiwa unakula, unaacha. Ukiwa bafuni, unatoka na povu. Baba yako akasema, "Huyu mtoto anapenda pikipiki kweli!" Alifurahi, Limi. Alikuwa amepata kitu kimoja anachoweza kukupa. Kila Jumapili baada ya ibada akawa anamlipa kijana wa bodaboda akuzungushe mpaka barabara kubwa na kurudi. Nawe ukiona pikipiki imekuja kwa ajili yako, unaingia ndani, unavaa lile gauni la bluu, unachukua andazi, unalifunga kwenye leso. Tulicheka. Tulisema, huyu anajua kusafiri, anabeba na chakula cha njiani.

Ulikuwa unarudi unalia. Hutaki kushuka. Unamng'ang'ania yule kijana shati, unarusha miguu, na andazi liko vile vile kwenye leso. Baba yako anakubeba anakuambia, wakati husikii, "Jumapili ijayo, mama. Jumapili ijayo tena."

Na ukawa mtoto mtulivu mno. Ukaanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Unafagia uwanja kabla sijaamka. Ukipewa nyama unarudisha nusu. Mama Neema akawa anawaambia wanawe, "Mwoneni Limi, hasemi lakini ana adabu." Mimi nikavimba kichwa. Nilidhani ni malezi yangu.

Ukaenda shule ukiwa umechelewa, ile ya bweni yenye darasa la viziwi. Ukawa unarudi likizo na mikono imejaa maneno, na hapa nyumbani hakuna wa kuyapokea. Ulikuwa unaanza kutusimulia, unakwenda mbio, uso wote unawaka, na sisi tunaitikia kwa vichwa na kutabasamu kama watu wanaohubiriwa kwa Kiingereza. Ulikuwa unaona. Polepole ukawa unasimulia kifupi, halafu hukusimulia tena. Ulikuwa umejifunza kuandika, na mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Tungeweza kuandikiana, hata kwa mkaa ukutani. Sijui kwa nini hatukuwaza. Tulikuwa tumeshazoea nyumba kuwa kimya upande wako.

Wakati huo simu zilikuwa zimeshaingia kila nyumba ya mtaa huu. Mchele wangu wa Magu nilikuwa naagiza kwa simu, wateja wa baba yako walikuwa wanamtumia picha za mageti wanayotaka achomelee, kwaya ilikuwa na grupu lake, na mimi niliyekuwa nawacheka watu wanaotembea wamejiinamia nikawa silali mpaka nimeiweka simu chini ya mto. Lakini kwa akili yetu simu ilikuwa kitu cha sikioni. Baba yako alipopata ile ya kupangusa, kiswaswadu chake cha vitufe kikabaki kwenye droo. Ulikuwa umerudi likizo ya Desemba. Ukakinyooshea kidole, ukanyoosha kidole kifuani kwako.

Baba yako akacheka. "Atampigia nani?"

Nikasema, "Mpe achezee ile gemu ya nyoka."

Akakupa. Ukafungua mfuniko wa nyuma, ukamwonyesha mahali pa laini pakiwa patupu. Akaona unachekesha, akakuwekea laini ya zamani. Ukachukua simu yangu, ukaandika namba yangu kwenye kiganja kwa kalamu, ukaandika na yake. Hatukuuliza ya nini.

Siku hiyo nilikuwa nje napepeta mchele. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni umenipa mgongo. Simu ikalia kwenye fundo la khanga yangu. Namba siijui. Nikafungua. Imeandikwa, "Mama."

Nikadhani ni matapeli wale wa kujifanya ndugu. Nikainua uso kukuona unafanya nini, nikakuta umeshageuka, unaangalia simu mkononi mwangu. Nikaiinua. Ukaitikia kwa kichwa: ndiyo, mimi.

Limi, tangu ile homa hukuwa umeniita. Nilikuwa nimewasikia watoto wa watu wote wa mtaa huu wakiita mama, mama, mpaka wengine wanaudhi, na mimi nilikuwa nimeshaacha kutega sikio. Nikaweka ungo chini, mchele ukamwagika, kuku wakaja, sikuwafukuza. Nikakuandikia, "Ndiyo mwanangu."

Ukainama. Ukabonyeza taratibu, ulimi nje, vile vile unavyofanya mpaka leo ukitunga uzi kwenye sindano. Mimi nimekaa natabasamu, nasubiri. Nilidhani utaniomba gauni.

Ikaja. "Masalu wapi?"

Nilizima simu. Nilibonyeza kile kitufe chekundu nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi, halafu nikakuonyesha kwa mkono kwamba chaji imeisha. Ukanitazama. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umeniona nikiichomoa kwenye chaja. Ukatazama chini, ukaingia ndani.

Katika yote, mwanangu, hilo ndilo linalonirudia zaidi. Yale ya mwanzo nilikuwa sina lugha. Siku ile lugha ilikuwepo, uliileta wewe mwenyewe mpaka mkononi mwangu, na mimi nikaizima.

Baba yako hana kawaida ya kurudi mchana. Siku ile nilimwona anaingia uani na glovu za kuchomelea bado mkononi, macho mekundu, nikadhani cheche zimemwingia. Akanipa simu yake nisome. "Baba. Masalu wapi? Mama zima simu."

Akasema, "Mama Limi, huyu mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama Masalu amekufa."

Nikasema, "Baba Limi, miaka yote hii? Ameshakuwa mkubwa. Atakuwa anajua."

"Nani alimwambia? Wewe ulimwambia?"

"Hapana."

"Na mimi sikumwambia. Basi nani?" Akavua glovu, akazishika tu. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kama mtu anayeona kitu nyuma yangu. Akasema, "Zile pikipiki."

"Pikipiki zipi?"

"Alikuwa hapendi pikipiki, mama Limi. Alikuwa anajua tunampeleka kwa Masalu." Akakaa chini, pale pale kwenye mchele. "Kila Jumapili. Kila Jumapili nilikuwa nampandisha, halafu namrudisha."

Sijawahi kumwona baba yako akilia hivyo, hata makaburini. Hapo ndipo na mimi nikaelewa lile andazi lilikuwa la nani.

Tulikuja chumbani kwako wote wawili. Ulikuwa umekaa kitandani umeugeukia ukuta. Tukakaa, baba yako kushoto, mimi kulia. Nikawasha simu. Nilitafuta neno zuri. Nikaandika "amelala", nikafuta. Nikaandika "Mungu amemchukua", nikawaza utauliza kampeleka wapi na atamrudisha lini, nikafuta. Baba yako akasema, "Andika lenyewe." Nikaandika, "Masalu alikufa."

Simu yako ikawaka. Ukasoma. Ukasoma tena, kidole juu ya neno. Hukulia. Ukaandika, "Lini?"

"Zamani. Wewe ulikuwa Magu kwa shangazi."

Halafu ukaandika meseji ambayo ninayo mpaka leo, nimekuwa naihamisha kutoka simu hadi simu. "Mimi piga Masalu. Gari ya kopo. Nyinyi ona. Nyinyi toa Masalu. Mimi peleka Magu. Mimi rudi, mimi osha vyombo. Mimi adabu. Masalu hapana rudi."

Niliisoma mara tatu ndipo ikaniingia. Siku ile kabla ya homa ya Masalu mlikuwa mmegombania kigari cha kopo, ukampiga kofi, nikakuonyesha kidole. Ni jambo la dakika moja, sikulikumbuka tena. Kesho yake mdogo wako akaondolewa. Halafu na wewe ukaondolewa, ukarudishwa. Ukapiga hesabu yako ya mtoto: ukiwa mwema, na yeye atarudishwa. Kwa hiyo ukaosha vyombo. Ukafagia. Ukarudisha nyama. Miaka yote hiyo ulikuwa unafanya kazi ya kumrudisha mdogo wako, na mimi nilikuwa nasifiwa na majirani.

Nilikushika. Nilikuwa natikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, na wewe unaniangalia tu, kwa sababu hapana ya kichwa ilikuwa haitoshi. Baba yako ndiye aliyeandika. Vidole vyake vikubwa vinabonyeza herufi mbili mbili. "Si wewe. Ni homa. Mbu aling'ata. Hatujawahi kukasirika na wewe."

Ukaandika, "Mimi homa, mimi pona. Masalu homa, kufa. Kwa nini?"

Baba yako akanipa simu. Nikaandika, "Sijui."

Ukaitazama sana ile "sijui". Ndipo ukalia, kwa ile sauti yako usiyoisikia, na mtaa mzima ukasikia. Mama Neema akaja mbio na mwiko mkononi. Akauliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" Nikamjibu, "Masalu." Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kesho yake tulikupeleka kaburini. Tulikwenda kwa miguu, na wewe njiani ukaniandikia, "Karibu?" Nikajibu ndiyo, karibu. Ulikuwa umepita njia ile kwenda sokoni mara nyingi. Ulipofika ulisimama, ukapiga mguu chini. Mara moja. Ukangoja. Ukapiga tena. Halafu ukaanza kuongea kwa mikono, ukaongea, ukaongea, jua likatupiga utosini.

Baba yako akaninong'oneza, "Anasema nini?"

"Sijui."

"Wewe mama yake hujui?"

"Wewe baba yake unajua?"

Tulikuwa tumesimama pale wote wawili wazima, wenye masikio na midomo, na mtoto wetu anamzika mdogo wake kwa maneno tusiyoyajua hata moja. Nimeshakuuliza ulimwambia nini. Umenijibu, "Yetu." Sitauliza tena.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu, unajua. Baba yako alikuachia ile simu ya kupangusa kila jioni, ukawa unajirekodi video, ishara moja moja, na neno lake umeandika kwenye karatasi pembeni. Maji. Chumvi. Kesho. Samahani. Nilikuwa nazitazama sokoni kati ya mteja na mteja, mikono inacheza chini ya meza, watu wakadhani nimepagawa. Baba yako alikuwa mgumu zaidi. Chuma kimemkausha vidole. Unakumbuka alipotaka kumwambia mwalimu wako asante, akamwambia kitu kingine mpaka mwalimu akafunika uso? Hukutaka kututafsiria. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ulipopata simu yako mwenyewe ya kupangusa, ukawa unapigiana video na wenzako wa shule. Niliwahi kusimama nyuma ya pazia nikakutazama. Ulikuwa unawasimulia kitu, nadhani ni mchungaji wetu, kwa sababu ulitembea vile anavyotembea, ukapangusa kipara ambacho huna, na kwenye kioo wale wasichana wanne walikuwa wanalia kwa kicheko. Nilishika pazia. Nilikuwa sijui kama wewe ni mcheshi. Nimekuzaa, nimekulisha, nimelala na wewe kitanda kimoja ukiumwa, na ilibidi nichungulie simu ya watu wengine nijue kwamba binti yangu ni mtu wa kuchekesha. Masalu alikuwa anajua. Ndicho mlichokuwa mnachekea kule nyuma ya nyumba.

Pazia hilo lilinifanya niwe mkali pia, nitakuambia ukweli. Niliona wivu. Mama Neema alipokuwa analalamika kwamba simu zinawaharibu watoto, na mimi nikapata sababu. Siku ile niliyokunyang'anya simu, nilisema ni kwa sababu umechelewa kutoka dukani. Ilikuwa ni wivu. Baba yako alirudi akakukuta umekaa umekunja mikono kwapani, akauliza, "Simu yake iko wapi?"

"Nimeichukua. Kila mzazi anachukua."

Akasema, "Wengine wakichukua, mtoto anabaki na mdomo. Wewe umechukua mdomo."

Nilikurudishia siku hiyo hiyo, lakini wiki nzima hukuniandikia neno. Nilistahili.

Hujawahi kuniambia kwamba umenisamehe, na sikuandikii ili uniambie. Najua siku nyingine unaniangalia na unakumbuka nilivyokushusha mikono. Naona. Unaruhusiwa kukumbuka. Sitageuza uso.

Jambo moja tu nakuahidi, na nimeshawaambia baba yako, shangazi yako na Mama Neema wakiwa wamekaa pamoja hapa hapa. Wewe ukiwa Morogoro, likitokea lolote hapa nyumbani, utaambiwa siku hiyo hiyo. Watu wana tabia ya kusema, mwache asome kwanza, ana mitihani. Mimi nimesema hapana. Presha yangu ikipanda, utaambiwa. Baba yako akianguka kutoka kwenye paa la mtu, utaambiwa. Shangazi akaanza, "Lakini wifi, mtoto akiwa mbali peke yake..." Nikamwambia, "Alikuwa mbali peke yake ndani ya nyumba hii." Akalia, maskini. Na yeye amebeba lake.

Na wewe, ukiwa na shida, niandikie hata kama ni neno moja. Mimi nitajibu. Nikiwa sijui, nitaandika sijui.

Nyumba itakuwaje bila wewe, sitaki kuwaza. Ni nyumba ya watu wawili wanaosikia, na hakuna wa kuongea naye. Jana nilimwona baba yako uani peke yake anafanya mazoezi ya ishara ya "safari njema", anaikosea, anaanza upya. Nilimwacha.

Nasikia geti, mmerudi. Barua naiweka juu ya begi lako, uisome kabla hujalala, kwa sababu kuna jambo la kesho. Pale stendi ya Nyegezi, kiti chako ni cha dirishani. Usifungue kioo, vumbi na moshi vitakuumiza bure. Wazazi wengine watakuwa wanagonga vioo na kupiga kelele, na watoto wao hawatasikia hata neno kwa ngurumo za mabasi. Sisi tutaongea. Nitasimama mahali penye mwanga, nitakuambia yote niliyobakiza, mpaka basi ligeuke. Mimi bado mzito wa mikono, unajua.

Kwa hiyo nitazame, Limi. Nitazame mpaka nimalize.

Mama yako